Udi, difyuza na mbwa wa ndani: kipi kinamdhuru, na kwa kiasi gani?

Sebule_Tisa (mleta uzi)

Wakuu, habari za majukumu. Naomba kuelimishwa na wajuvi wa mbwa, hasa madaktari wa mifugo mliomo humu.

Mazingira: fleti ya ghorofa ya tatu, Dar. Sebule ni mita 4 kwa 3.5, dari mita 2.7, dirisha moja la alumini na mlango wa baraza. Kiyoyozi kikiwaka, vyote viwili hufungwa. Mbwa ni jike, chotara wa Pomeranian, kilo 4, miaka sita, analala ndani.

Vinavyonukia humo ndani:

– chetezo cha mkaa na udi wa Unguja, Alhamisi jioni na wageni wakija
– difyuza ya mvuke, tanki la ml 300, matone 20 ya mafuta ya manukato kwa mkupuo (chupa tatu: lavenda, mkaratusi, titrii, yaani "tea tree")
– chupa ya manukato yenye vijiti, juu ya meza ya kahawa
– kile cha kuchomeka kwenye soketi, koridoni
– vidonge vyeupe vya nondo kabatini na bafuni

Ana kikohozi kikavu, kinalia kama bata, na kinazidi jioni. Maswali: kati ya hivi kipi kitoke leo? Udi ni lazima uachwe kabisa? Na hayo matone 20 ni mengi au ni ya kawaida? Kwenye boksi wameandika tu "weka matone kadhaa".

Natanguliza shukrani.

Tabibu_Makucha

Mkuu, tuanze na kikohozi, manukato yatafuata. Mbwa mdogo wa ukoo wa Pomeranian akikohoa kikavu kwa mlio wa bata, cha kwanza kudhaniwa ni bomba la hewa lililolegea. Bomba hilo limeshikiliwa na pete za gegedu. Zikilegea, linabonyea, na kila kinachowasha koo kinaamsha kikohozi: moshi, spreyi, hata ukanda wa shingoni ukivutwa. Manukato hayalegezi gegedu, lakini yanachokoza. Dhana nyingine ni moyo, na kwa ukanda wa pwani minyoo ya moyo inayoenezwa na mbu. Kwa hiyo apimwe. Usije ukatupa chupa zote, kikohozi kikapungua kidogo, ukadhani umemaliza kazi. Wakati unasubiri siku ya daktari, vua ukanda wa shingoni, mfunge wa kifuani.

Sasa manukato. Yanamwingia mbwa kwa milango mitatu: pua, ngozi na mdomo. Watu wanahangaika na pua, lakini wanaoletwa kliniki wakiwa mahututi mara nyingi wamepitia ngozi na mdomo: kamwagikiwa na chupa akajiramba, katafuna kile cha soketi, kalamba tanki, au mwenye mbwa kampaka mafuta mwenyewe akidhani anafukuza viroboto.

Hesabu ya difyuza yako. Mililita moja ni takriban matone 20, kwa hiyo unarusha ml 1, kama miligramu 900 za mafuta. Chumba chako kina mita za ujazo 38 hivi. Yote yakibaki hewani na dirisha likiwa limefungwa, ni miligramu 24 kwa kila mita ya ujazo. Ukiweka matone 3 zinashuka hadi 3 na ushee. Pua yako baada ya dakika kumi inazoea na kuona harufu imeisha, ndiyo maana watu wanaongeza. Pua ya mbwa ina vipokezi vya harufu zaidi ya milioni 100, yako ina milioni 5 au 6. Usiitumie yako kumpimia yeye.

Kiyoyozi cha ukutani hakikusaidii hapo. Kinazungusha hewa ileile ya chumbani na kuipoza, hakileti mpya kutoka nje. Feni nayo vivyo hivyo.

Difyuza ya mvuke haitoi harufu tu. Inapasua maji na mafuta kuwa vitone vidogo sana, vinaelea kisha vinatua: kwenye kochi, sakafuni, na kwenye manyoya. Mbwa akijisafisha, anakula. Kwa difyuza iliyo karibu na kitanda chake, mlango wa pua na mlango wa mdomo vinafunguka pamoja.

Kwa mafuta yenyewe, titrii itoke leo. Si punguza, itoke. Kuna uchambuzi uliochapishwa Marekani mwaka 2014 wa mbwa 337 na paka 106 waliopata titrii isiyochanganywa na kitu, wengi wao walipakwa makusudi. Dalili zilizotawala ni udenda, kulegea, kupepesuka, kutetemeka na miguu kukosa nguvu, zikianza kati ya saa 2 na 12 na kudumu hata saa 72. Matone 7 tu ya mafuta safi yamewahi kumlaza mbwa. Chupa yako ya ml 10 ina matone 200. Hesabu mwenyewe kwa mbwa wa kilo 4.

Kundi hilohilo la "usilete nyumbani" lina mafuta ya wintagrini ("wintergreen") na ile minti ya kufukuzia viroboto iitwayo penirayo ("pennyroyal"), ambayo inaharibu ini. Wintagrini ni ndugu wa aspirini: kijiko cha chai, ml 5, kina salisileti sawa na vidonge zaidi ya 20 vya aspirini vya mtu mzima. Imo pia kwenye dawa nyingi za kuchua misuli, kwa hiyo mwenye nyumba akijichua goti, mbwa asilirambe.

Mkaratusi, pepaminti, karafuu, mdalasini, msonobari, langilangi na jamii ya machungwa ni vya tahadhari. Kwa mbwa mzima mwenye mapafu mazuri, tone mbili tatu hewani kwa muda mfupi ni jambo dogo. Kwa wako anayekohoa, hapana. Mafuta ya karafuu watu wanayadharau kwa kuwa tunayajua tangu utoto, lakini sehemu kubwa yake ni yujenoli, ile ile inayotia ganzi jino, na yakiwa safi yanachoma ngozi na utando wa mdomo.

Lavenda ndiyo ya mwisho kunitia wasiwasi, ila nayo kwa masharti. Matone 3 kwa tanki zima. Dakika 20, kisha zima. Difyuza ikae juu, mita 1.5 au zaidi kutoka sakafuni, mbali na anapolala, waya umebanwa ukutani. Mlango wa kumtoa mbwa uwe wazi. Akiinuka akaondoka, amekujibu. Na haya yote ni baada ya kikohozi kujulikana, si sasa.

Jaribio la kufanya: siku 14 bila chochote kinachonukia. Kila usiku akiwa amelala fofofo hesabu kifua kinavyoinuka kwa sekunde 30, zidisha mara mbili, andika. Chini ya 30 kwa dakika ni sawa. Siku ya 15 rudisha kitu kimoja, subiri siku nne, andika tena. Ukirudisha viwili pamoja hutajua mchokozi ni yupi.

Chetezo_Kongwe

Niingie kwenye udi maana hapo ndipo watu wanapochanganya mambo.

"Udi" dukani ni vitu vinne tofauti. Kuna gogo la udi lenyewe, vipande. Kuna udi wa Unguja, ule wa kupikwa: sukari inachemshwa mpaka inakuwa shira nzito, inatiwa unga wa udi na msandali, mafuta ya manukato, inamwagwa na kukatwa. Kuna ubani, utomvu wa mti. Na kuna udi wa vijiti, ambao ni unga wa mbao na gundi uliochovywa manukato ya kiwandani. Kwa mbwa havifanani hata kidogo.

Wa vijiti ndio naupa alama mbaya kuliko yote. Unateketea mfululizo dakika 30 hadi 45, huna namna ya kuupunguza, na watu huuchomeka kwenye chungu cha maua sakafuni, usawa wa pua ya mbwa.

Udi wa Unguja tatizo lake la kwanza si moshi. Ni sukari. Ni mtamu, unanukia, na kopo lake hukaa wazi chini ya meza. Mbwa anaula kama peremende, na ndani yake kuna mafuta ya manukato ambayo mpishi hakuyaandika popote. Kopo la mfuniko wa kuzungusha, kabati la juu.

Moshi sasa. Udi mzuri hautakiwi kuungua, unatakiwa kupata joto. Mkaa ukiwa mwekundu na unatupia udi juu, sukari inaungua papo hapo, moshi unakuwa mzito, mchungu, unakereketa. Huo ndio unaomkohoza mbwa, na mtu pia. Fanya hivi: washa mkaa nje barazani, si sebuleni. Subiri ujifunike jivu lote, dakika 15 au 20. Kipande kimoja tu kinatosha kwa sebule ya mita 14 za mraba, si chetezo kilichojaa. Nyunyiza jivu jembamba juu yake, kisha weka udi wa ukubwa wa ukucha wa kidole kidogo. Moshi uwe mwembamba mweupe. Ukianza kuwa wa kijivu na harufu imegeuka kuwa ya sukari iliyoungua, ondoa kile cheusi kwa koleo, kimekwisha. Watu wengi huacha hapo kikaungua nusu saa nzima bila harufu yoyote ya maana.

Vile vidonge vya mkaa wa duara vinavyojiwasha vyenyewe kwa kiberiti vimetiwa chumvi ya kusaidia moto. Zile cheche na moshi wa mwanzo si udi, ni hiyo dawa. Hizo dakika zake za kwanza ziishie nje.

Chetezo cha umeme ni bora kwa nyumba yenye mbwa, hakina mkaa. Weka joto la chini kabisa. Lakini waya wake ukining'inia, mtoto wa mbwa atauvuta na sahani ya moto itamfuata.

Kufukiza nguo kwenye tenga, sawa, chumba kingine, mlango umefungwa. Blanketi la mbwa usilifukize. Atalala na huo moshi puani mwake usiku kucha.

Mzee_wa_Kiambo

Mnakuza mambo. Mbwa wamelala jikoni kwenye moshi wa kuni miaka nenda rudi na wanazaa na kubweka. Leo udi wa Alhamisi ndio sumu?

Kemia_ya_Mtaani

Mzee, shikamoo. Jiko la kuni lina uwazi kati ya ukuta na paa, na mbwa yule anaingia na kutoka apendavyo. Fleti ya alumini ikifungwa haina pa kutolea hewa, na mbwa hana ufunguo. Tofauti ni hiyo tu.

Niongeze mawili yaliyorukwa.

La kwanza, mkaa wenyewe. Udi ukiisha, watu wanaacha chetezo pembeni mpaka asubuhi kwa kuwa "moshi umekata". Mkaa unaong'aa bila moshi ndio wakati unatoa kaboni monoksaidi, na hiyo haina harufu wala rangi. Humu mitandaoni utasoma kwamba inazama sakafuni, kwa hiyo mbwa anaumia kwanza. Si kweli. Uzito wake unakaribia kabisa wa hewa, ni mwepesi kidogo, inajichanganya chumba kizima. Mbwa mdogo huathirika mapema kwa sababu anapumua haraka zaidi kulingana na mwili wake, na kwa sababu anabaki chumbani wewe ukienda kulala. Ukimaliza kufukiza, chetezo kitoke barazani, mkaa ufunikwe mchanga au umwagiwe maji mpaka uache kuchemka. Fungua dirisha na mlango wa baraza kwa pamoja, dakika 20. Upande mmoja peke yake hautoi hewa, lazima iwe na pa kuingilia na pa kutokea.

La pili, hivyo vidonge vyeupe. Sebule_Tisa ameviweka mwisho wa orodha, mimi ningeviweka juu. Vinauzwa kwa jina moja, "naftalini", lakini ndani ya pakiti kunaweza kuwa na kitu kimojawapo kati ya vitatu. Kupima ni rahisi. Tia kidonge kwenye glasi ya maji ya kawaida. Kikielea ni kafuri. Kikizama, chukua maji ya uvuguvugu nusu kikombe, ml 120, tia chumvi vijiko vitatu vya mezani, koroga mpaka yasipoweza kuyeyusha zaidi, tumbukiza kidonge. Kikielea kwenye chumvi ni naftalini. Kikizama na huko ni paradiklorobenzini. Glasi hiyo usiinywee tena.

Kwa nini ujisumbue: daktari atakuuliza. Naftalini inaharibu chembe nyekundu za damu, na hilo linaweza kujitokeza siku kadhaa baadaye, fizi zikapauka na mkojo ukawa kahawia. Kafuri inaenda mbio, inaleta degedege muda mfupi tu baada ya kumezwa. Ya tatu ni nafuu kidogo kuliko naftalini, lakini tumbo na ini haviipendi. Bafuni kwa mbwa anayekunywa maji ya sakafuni? Toa. Kabatini weka kwenye boksi lenye mfuniko uliotobolewa, rafu ya juu, au achana navyo utumie mifuko ya nguo ya zipu.

Na difyuza: maji ya kisima cha chumvi, ambayo Dar ni mengi, usiyatie. Mashine ya mvuke inarusha na madini yaliyomo; ule unga mweupe unaoutoa juu ya meza ya TV ndio huohuo mbwa anauvuta. Tumia maji ya kunywa ya chupa au ya mvua yaliyochujwa. Tanki lioshwe kwa siki kila baada ya siku tatu, lisuuzwe, likauke. Utelezi ule wa ndani ni vijidudu, na mashine inavirusha vizuri kama inavyorusha lavenda.

Sebule_Tisa

Asanteni sana. Nimejaribu vidonge: vimezama kwenye maji, vimeelea kwenye chumvi. Vimetoka. Titrii nayo imetoka.

Maswali mawili ya nyongeza. Chupa ya vijiti na kile cha soketi hamjavisema. Halafu, ikitokea amemwagikiwa au amelamba, nifanye nini kabla ya kufika kliniki? Nimezoea kusikia "mpe maziwa".

Tabibu_Makucha

Chupa ya vijiti: ile si mafuta matupu, ni manukato ndani ya kiyeyushi, glikoli fulani au spiriti. Mvuke wake ni mdogo, kwa pua ni tulivu kuliko difyuza. Hatari ni mkia. Chupa ya ml 100 ikianguka kwenye meza ya kahawa, mbwa anatembea juu ya dimbwi, kisha analamba nyayo. Iwe juu ya rafu ya kifua cha mtu, chupa nzito ya kitako kipana. Na usigeuze vijiti kila siku, unaongeza mvuke bure.

Cha soketi: soketi za korido zetu ziko chini, pale pale pua ya mbwa ilipo, na kinapasha mafuta moto saa 24. Akikitafuna anapata mawili, umeme na manukato yaliyokolea. Kwa mbwa wako mimi ningekitoa na nisikirudishe. Ukitaka kukibakisha, soketi ya juu ya kaunta ya jikoni, na kizimwe usiku.

Mishumaa hukuuliza, ila kwa kifupi: nta yenyewe si sumu kali, anaharisha au anatapika. Shida ni utambi wenye waya, kikombe cha bati na nta ya moto kumwagika. Utambi ukatwe ubaki milimita 5, itapunguza masizi.

Sasa dharura.

Mafuta kwenye manyoya: kwanza mvue kila kitu cha shingoni na mzuie asijirambe, hata kwa kumfunga taulo. Vaa glavu au mfuko wa plastiki mikononi. Kausha kwa kugandamiza taulo au tishu, usisugue, ukisugua unayaingiza ndani. Kisha sabuni ya maji ya kuoshea vyombo moja kwa moja kwenye manyoya *kabla* ya maji. Hapa ndipo wengi wanakosea: wanamfungulia bomba kwanza, na maji hayabebi mafuta, yanayasambaza mwilini. Paka sabuni, sugua taratibu dakika tano, suuza na maji ya uvuguvugu, rudia mara mbili au tatu mpaka harufu ipungue sana. Kaushia kabisa, kiyoyozi kizimwe. Mbwa wa kilo 4 aliyelowa anapoa haraka hata kama ni Januari ya Dar, na sumu hizi nazo zinashusha joto la mwili.

Jicho: maji safi ya kawaida yakitiririka polepole, dakika 15. Usitie dawa ya macho ya binadamu iliyobaki kwenye droo.

Amelamba au amemeza: futa midomo na ulimi kwa kitambaa kilicholowa, mpe maji kidogo akitaka mwenyewe. Usimtapishe. Si chumvi, si mafuta ya kula, si kidole kooni. Mafuta haya ni mepesi sana, yakipanda juu yanateleza kuingia mapafuni, na hapo sumu ya tumbo inageuka kuwa nimonia. Chumvi nyingi peke yake inaua mbwa mdogo. Maziwa si dawa ya sumu hii. Hayaivuti wala hayaiui. Mkaa wa jikoni uliosagwa nao si ule wa hospitali, na hata ule wa hospitali daktari ndiye anayeamua.

Na tanki la difyuza: mafuta hayachanganyiki na maji, yanaelea juu. Mbwa aliyelamba mara mbili tu kajipatia sehemu kubwa ya matone yote. Usijifariji kwamba "ni maji ya ml 300 yenye matone machache".

Nenda na chupa yenyewe, au picha ya lebo. Kadiria kilichopungua, andika saa, na uzito wa mbwa. Mambo haya manne yanaokoa nusu saa ya kubahatisha. Chupa isiyo na orodha ya viambato, na za bei poa nyingi hazina, chukua hivyohivyo.

Usingoje dalili kama ni titrii, wintagrini, kafuri, naftalini au mafuta yoyote safi zaidi ya matone machache. Kwa vingine, ondoka mara moja ukiona anapepesuka, anatetemeka, udenda haukati baada ya kumfuta mdomo, anatapika zaidi ya mara mbili, anapumua kwa tumbo, au fizi zimebadilika rangi. Fizi za kawaida ni waridi. Bluu au kijivu ni upungufu wa oksijeni. Nyekundu ya kung'aa baada ya kukaa kwenye mkaa inaweza kuwa kaboni monoksaidi, ingawa fizi za kawaida hazikuhakikishii kwamba yuko salama. Kama ni moshi, mtoe nje kwanza, simu baadaye.

Huko kliniki watamtia maji ya mshipa, joto, dawa ya kutuliza misuli akitetemeka, na kupima ini siku hiyo na tena baada ya saa 24 hadi 48. Wengi wanapona wakiwahi.

Usafi_Kwanza

Mleta uzi, hujasema lakini nitakisia: manukato yote hayo ni kwa sababu sebule inanuka mbwa. Ukiondoa harufu yenyewe hutahitaji hata matone matatu.

Mkojo kwenye vigae haukai juu ya kigae, unakaa kwenye saruji ya maungio. Gandamiza kwa tishu mpaka usilowe tena, mimina maji kidogo, kausha, kisha dawa ya vimeng'enya inayouzwa maduka ya mifugo. Iache iloweke dakika 10 hadi 15 au kama lebo inavyosema. Ukiinyunyiza na kuifuta papo hapo umepoteza hela. Vimeng'enya vinahitaji muda kula mkojo. Usipoipata, siki na maji nusu kwa nusu, lakini kwa vigae tu. Sakafu ya terazo au marumaru asili, siki inaila na kuacha doa lisilotoka.

Dawa ya kung'arisha nguo, wengi huita jiki, usiimwage juu ya mkojo mbichi. Mkojo una amonia, vikikutana vinatoa hewa inayochoma mapafu. Na usiichanganye na siki, huko unatengeneza klorini sebuleni.

Mazulia: baking soda kidogo, iache saa moja, piga brashi na ondoa yote. Mbwa asiwepo. Tafadhali, ukienda dukani usiseme "magadi soda" ukapewa ile ya kutengenezea sabuni. Hiyo inaunguza ngozi na ulimi.

Halafu mnuse mbwa mwenyewe. Masikio yenye harufu ya hamira, mdomo unaonuka kuoza, au harufu ya samaki nyuma: hayo ni masikio yenye fangasi, meno, na tezi za haja kubwa. Pwani unyevu unayapa nguvu. Hakuna udi unaotibu sikio.

Ukitaka nyumba inukie kwa wageni, sufuria ya maji lita 1, mdalasini kijiti kimoja, karafuu sita, maganda ya chungwa moja, moto mdogo dakika 20. Jikoni, mfuniko nusu. Kungumanga usitie, na mabaki yasiende kwenye sahani ya mbwa wala pipa lililo wazi.

Mzee_wa_Kiambo

Haya, hapo kwenye hewa nimekubali. Na jirani wa fleti ana kasuku, udi wa upande wa pili unamfikia?

Chetezo_Kongwe

Mzee, ndege anavumilia kidogo kuliko mbwa, na paka yuko katikati: ini la paka linashindwa kusafisha mafuta mengi ambayo la mbwa linayamudu. Kwa kasuku, funga mlango wa upande wake na fukiza kwenye baraza ambalo upepo unaelekea nje. Kama baraza mnachangia, mgongee kwanza amwingize ndani.